Maana ya Volti za Kutenga Katika Transfoma

Mtu akinunua chaja ya simu au adapta ya kompyuta katika duka lolote la mjini Nakuru, akaigeuza na kusoma maandishi madogo yaliyo chini yake, mara nyingi ataona mraba mdogo uliochorwa ndani ya mraba mkubwa. Pengine karibu yake ataona pia picha ya mlima ndani ya pembetatu, pamoja na tarakimu 2000 na herufi m. Wengi huyapita maandishi hayo. Hutazama volti zinazoingia na volti zinazotoka, wakaona 240 na 5, au 240 na 19, wakatosheka. Walakini alama hizo mbili zahusu uhai wa mtu, kwa kuwa zaeleza jinsi nguvu za umeme zilizo katika nyaya za ukutani zilivyozuiwa zisifike mkononi mwake. Na ile picha ya mlima ina habari ya pekee kwa watu wa Bonde la Ufa, kama itakavyoonekana huko mbele.

Umeme hutafuta njia ya kurudi

Yafaa kwanza kufahamu kwa nini mtu hupigwa na umeme akigusa waya mmoja tu, maana jambo hili huwashangaza wengi. Umeme hautoki mahali ukaenda zake kama maji yamwagikavyo mchangani. Hauna budi kupata njia ya kurudi ulikotoka. Katika mitaa ya Nakuru, kama katika miji mingine ya Kenya, juu ya nguzo mna transfoma kubwa ipokeayo volti 11,000 na kutoa volti 415 katika nyaya tatu. Baina ya kila waya katika hizo tatu na waya wa nne, uitwao nyutro, mna volti 240, nazo ndizo ziingiazo nyumbani. Waya huo wa nyutro umeunganishwa na ardhi kwa makusudi. Ulifanywa hivyo ili, ikitokea siku moja volti 11,000 zikapenya na kuingia katika nyaya za nyumbani, zipate mahali pa kushukia na fyuzi zikatike, badala ya kungoja mtu aziguse. Ni mpango wa busara, lakini una gharama yake, nayo ni kwamba ardhi yote imekuwa waya wa kurudia. Mtu asimamaye bila viatu juu ya sakafu yenye maji, katika chumba cha kupozea maziwa mathalani, akashika waya wenye moto kwa kidole kimoja, amekwisha kuziba pengo, na umeme hupita mwilini mwake ukarudi kwa njia ya udongo mpaka kwenye nguzo.

Tena kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Miliampia 10 hivi zatosha kuikaza misuli ya mkono hata mtu asiweze kuachia alichoshika. Miliampia 30 ndicho kipimo kilichochaguliwa kwa swichi zile zikatazo umeme zitambuapo kwamba unavuja. Zikizidi hapo, zikapita kifuani kwa muda, moyo waweza kuvurugika ukasimama. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia miliampia 250, na hakuna aliyewahi kuiita chombo kikubwa.

Kazi mbili za transfoma

Mwaka 1831 Michael Faraday, mtaalamu wa Uingereza, alizungushia pete ya chuma koili mbili za waya zisizogusana. Alipotia umeme katika koili ya kwanza, na tena alipoukata, mshale wa kipimo kilichofungwa kwenye koili ya pili ulicheza. Nguvu zilikuwa zimevuka kwa njia ya sumaku, pasipo waya kugusa waya. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa Budapest, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, waliitengeneza transfoma ya kufaa kwa kazi ya mji mzima, na tangu hapo chombo hicho kimeenea ulimwenguni kote.

Kazi ya kwanza ya transfoma yajulikana na wengi, nayo ni kupandisha au kushusha volti. Umeme wa mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981, hupandishwa ili usafiri mbali bila kupotea njiani, kisha hushushwa kituoni kama kile cha Lanet, ukashushwa tena na tena. Hata ufikapo katika simu ya mwanafunzi wa Njoro, umekwisha kuvuka transfoma tano hivi.

Kazi ya pili ni kutenga. Twaweza kuifananisha na kinu cha posho. Nguvu za injini hufika kwenye jiwe la kusagia kwa njia ya mkanda, lakini dizeli haifiki kwenye unga. Vivyo hivyo nguvu hufika katika koili ya pili, lakini koili hiyo haina uhusiano na nyutro wala na ardhi, isipokuwa mtu aiunganishe. Mtu akigusa waya wake mmoja, umeme hauna njia ya kurudi kwa miguu yake. Hii ndiyo sababu soketi za mashine za kunyolea ndevu katika bafu za hoteli huwekewa transfoma ndogo ya kutenga nyuma yake.

Hapa pana kosa moja lililo la kawaida na la hatari, nalo lastahili kusemwa wazi. Watu wanaoletewa vyombo kutoka Marekani, ambavyo hutumia volti 110 au 120, hununua transfoma ya kushusha volti. Nyingi katika hizo zina koili moja tu, yenye waya uliotolewa katikati. Volti hushuka kweli, lakini hapana utengano wowote, kwa sababu waya wa kutoka na waya wa kuingia ni waya ule ule. Ikiwa soketi ya ukutani imefungwa kinyume, au nyutro imekatika, chombo kizima cha volti 110 chaweza kukaa juu ya volti 240 kutoka ardhini, hali mwenyewe akidhani kwamba yu salama. Wajenzi waliofuata desturi ya Uingereza hutumia pia volti 110 kwa mashine za kutobolea, lakini transfoma yao ni ya koili mbili mbalimbali, na katikati ya koili ya pili pamefungwa ardhini, hata waya wowote ukiguswa ni volti 55 tu zimpatazo mtu. Tarakimu zilizoandikwa ubavuni ni zile zile, na mambo yenyewe ni mbali kama mbingu na nchi.

Volti 3,000 zamaanisha nini?

Mtengenezaji wa transfoma huandika katika karatasi zake, kwa mfano, "volti 3,000" au "volti 4,000" baina ya koili ya kwanza na ya pili. Hizo ndizo volti za kutenga. Maana yake ni jaribio. Ncha zote za koili ya kwanza hufungwa pamoja, na ncha zote za koili ya pili hufungwa pamoja, kisha volti 3,000 hutiwa baina ya mafungu hayo mawili kwa muda wa dakika moja. Kizuizi kilicho katikati kikivumilia bila kupasuka wala kurusha cheche, transfoma imefaulu.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini volti 3,000, na hali umeme wa nyumbani ni volti 240 tu? Jibu lina sehemu kadha. Kwanza, hizo 240 ni wastani wa namna fulani. Umeme hupanda na kushuka mara 50 kila sekunde, na kileleni hufika karibu volti 340. Pili, radi ikipiga karibu na nyaya, au mashine kubwa ikizimwa ghafula, wimbi la volti nyingi hukimbia katika nyaya kwa muda mfupi sana. Wanaotunga kanuni hukadiria kwamba chombo kichomekwacho katika soketi ya kawaida ya volti 230 au 240 kiwe tayari kupokea wimbi la volti 2,500. Tatu, vizuizi huzeeka kwa joto na unyevu, na mtu hununua chaja leo akitumaini kuitumia miaka mitano.

Ndipo Halmashauri ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, iliyoanzishwa mwaka 1906, ikagawa vizuizi katika daraja. Kizuizi cha msingi ni kile kitoshacho kwa kazi ya kila siku. Kwa umeme wa kadiri ya volti 240 hujaribiwa kwa volti 1,500. Lakini kizuizi kimoja kikivunjika, mtu hubaki bila kinga. Kwa hiyo kanuni zadai ama chombo kiwe na waya wa ardhi, ama kiwe na vizuizi viwili, au kimoja chenye nguvu za viwili, ambacho hujaribiwa kwa volti 3,000. Mraba ndani ya mraba ndiyo alama ya chombo cha namna hii ya pili, chasema, "Sina haja ya waya wa ardhi, kwa maana nina kuta mbili." Katika vyombo vya hospitali, ambavyo hufungwa katika mwili wa mgonjwa asiyeweza kuruka akishtuka, jaribio hilo hupandishwa hata volti 4,000.

Sasa ni lazima kuonya juu ya kosa ambalo hata wahandisi vijana hulifanya. Volti za jaribio si volti za kazi. Mchukuzi hodari wa soko la Molo aweza kuinua magunia mawili ya viazi, kila moja kilo 50, akasimama nayo dakika moja mbele ya watu. Haimaanishi kwamba aweza kutembea nayo tangu asubuhi hata jioni, kila siku, mwaka mzima. Kadhalika transfoma iliyojaribiwa kwa volti 3,000 haikuumbwa ikae na volti 3,000 baina ya koili zake siku zote. Katika vijitundu vya hewa vilivyomo ndani ya vanishi na utepe, cheche ndogo zisizoonekana zingeanza kula kizuizi kidogo kidogo, hata siku moja kikatoboka. Mtu anayetaka kujua volti za kazi hana budi kuzitafuta mahali pake katika karatasi za mtengenezaji, na asipoziona asijitungie.

Tena jaribio lenyewe huchosha. Kila mara linaporudiwa, kizuizi hupungukiwa na uhai kidogo, na kwa sababu hiyo mafundi wengi wanapolirudia hutumia 80 kwa mia tu ya volti za kwanza.

Njia ya ndege na njia ya siafu

Kizuizi kilicho baina ya koili mbili si kitu kimoja. Umeme una njia tatu za kujaribu kuvuka. Waweza kupasua kitu chenyewe kilicho katikati, yaani utepe, plastiki au vanishi. Waweza kuruka hewani kwa njia iliyo fupi kuliko zote, kama ndege aendavyo kutoka ukingo mmoja wa kreta ya Menengai mpaka ukingo wa pili. Au waweza kutambaa juu ya uso wa plastiki, ukifuata kila bonde na kila kilima, kama siafu. Katika transfoma iliyotengenezwa vema njia zote tatu zimepimwa.

Kwa chaja ya volti 240 yenye kuta mbili, njia ya ndege baina ya upande wa ukutani na upande wa mkononi yapasa kuwa si chini ya milimeta 3, na njia ya siafu si chini ya milimeta 5, ikiwa chombo chakaa mahali pakavu pasipo uchafu mwingi. Ikiwa pana vumbi liwezalo kulowana na kupitisha umeme, njia ya siafu haina budi kufika milimeta 8. Jambo hili si dogo Nakuru. Jina la mji lenyewe husemekana kutoka katika neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na katika miaka ya 1990, ziwa lilipokauka kwa sehemu kubwa, upepo uliyachukua magadi meupe ukayapeleka mpaka madirishani. Vumbi la magadi likikauka halina neno. Likipata umande wa alfajiri hupitisha umeme. Baadaye ziwa lilifurika hata likafunika sehemu ya ardhi iliyolizunguka, lakini chombo kilichowekwa katika karakana au banda la kuku hupata vumbi na unyevu mwaka wote.

Basi fundi mwema hufanyaje? Huacha ukingo mtupu kila upande wa koili, kisha hufunga tabaka tatu za utepe katikati, kwa hesabu kwamba tabaka mbili zozote katika hizo zaweza peke yake kuvumilia jaribio. Au hutumia waya uliovikwa plastiki mara tatu. Rangi nyembamba iliyo juu ya waya wa shaba haihesabiwi kuwa kinga ya mtu, ijapokuwa inang'aa na yaonekana kama kinga. Yatosha tu kuutenga mzunguko mmoja na jirani yake. Chaja nyingine za bei ya chini sana, zikifunguliwa, zaonekana zina tabaka moja tu la utepe, au milimeta moja tu baina ya pande mbili. Chaja kama hiyo huijaza simu sawasawa na ile nzuri. Kwa kuitazama kwa nje hapana awezaye kujua, na mwenyewe hulala nayo kitandani, simu mkononi, mpaka usiku ule wa radi.

Mlima uliochorwa

Hapa ndipo yaja habari ya ile picha. Mwaka 1889 Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazohitajika ili cheche iruke hewani hutegemea mambo mawili yakizidishwa pamoja, yaani umbali na uzito wa hewa. Kwa umbali tunaousema hapa, hewa ikipungua uzito, cheche huruka kwa volti chache zaidi. Na kila mkazi wa nyanda za juu ajua kwamba hewa ya Timboroa si ya Mombasa. Wakimbiaji wa mbali hupanda huko kwa ajili hiyo hiyo.

Vipimo vya milimeta vilivyotajwa hapo juu vimewekwa kwa mahali pasipozidi meta 2,000 juu ya bahari. Mahali palipo juu zaidi, umbali wa hewani hauna budi kuongezwa. Kwa meta 3,000 huzidishwa kwa 1.14, kwa meta 4,000 kwa 1.29, na kwa meta 5,000 kwa 1.48. Picha ya mlima yenye tarakimu 2000 yatokana na kanuni za China, ambazo zamtaka mtengenezaji aliyetumia umbali wa kawaida aonye kwamba chombo chake hakikupimwa kwa nchi za juu kuliko hapo.

Sasa itazamwe ramani. Mji wa Nakuru uko meta 1,850 hivi juu ya bahari, yaani ndani ya mpaka kwa meta 150 tu. Mtu akinunua adapta yake hapo, akapanda matatu kuelekea magharibi, ameuvuka mpaka kabla ya kufika Njoro. Elburgon iko juu zaidi, Molo yakaribia meta 2,500, na Timboroa yapita meta 2,700. Kwa adapta ya namna hiyo, milimeta 3 za hewa zilizotosha kwa kanuni Nakuru zapaswa kuwa milimeta 3.2 hivi Molo, nazo haziwezi kuongezeka zenyewe njiani.

Isidhaniwe kwamba adapta italipuka ikifika Molo. Kwa volti 240 za kila siku umbali huo bado ni mkubwa kupita kiasi kinachohitajika. Kilichopungua ni akiba iliyowekwa kwa ajili ya wimbi la radi, na mvua za masika katika miinuko ya Mau hazikosi radi. Wala si kila sehemu ya transfoma hudhoofika. Utepe, plastiki na vanishi havijui urefu wa mlima, maana hewa haimo ndani yake. Ni njia ya ndege peke yake inayofupika. Ndiyo sababu jaribio la volti 3,000 lililofanywa katika kiwanda kilicho pwani, hali hewa ni nzito, si ushahidi kamili kwa chombo kitakachofanya kazi Molo. Mtu anayejenga chombo cha kutumiwa huko hana budi kupima milimeta kwa rula, asitosheke na cheti cha jaribio.

Transfoma kubwa za nguzoni nazo zina sheria yake. Hizo huhesabiwa kuanzia meta 1,000, na kwa kila meta 100 zaidi umbali wa hewani huongezwa 1 kwa mia. Transfoma ya volti 11,000, ambayo kwa kawaida hujaribiwa kwa volti 28,000 kwa dakika moja, ikiwekwa Nakuru yahitaji nafasi ya hewa iliyozidi kwa 8 au 9 kwa mia, na Molo 15 kwa mia. Ndani yake kizuizi ni karatasi na mafuta. Wezi ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakitoboa transfoma za Kenya ili kuyaiba mafuta hayo hawaibi kipozeo tu, bali waibomoa kinga yenyewe. Transfoma hupasuka, na kijiji hukaa gizani kwa majuma.

Madaraja mengine ndani ya chombo

Katika chaja na adapta za siku hizi umeme wa ukutani kwanza hugeuzwa uwe wa njia moja, wa volti kama 340, kisha hukatwakatwa mara elfu nyingi kwa sekunde na kupitishwa katika transfoma ndogo isiyozidi kidole gumba. Lakini transfoma si daraja pekee kati ya pande mbili. Kuna kijichombo kipelekacho habari kwa mwanga, ili upande wa ukutani ujue volti za upande wa pili. Hicho kwa kawaida huandikwa volti 5,000. Na kuna kapasita ndogo, mara nyingi ya rangi ya buluu, iliyofungwa toka upande mmoja mpaka wa pili ili kutuliza kelele za redioni. Hiyo ndiyo hufanya mtu ahisi kama anatekenywa akipitisha kidole juu ya bati la kompyuta inayojazwa. Kapasita ya kiasi cha nanofaradi 2.2 hupitisha miliampia 0.17 tu, kiasi kisichodhuru mtu.

Walakini kapasita hiyo ni ya ukoo wa pekee, uandikwao Y1 au Y2, na imejaribiwa kwa mawimbi ya volti 8,000 au 5,000. Fundi wa mtaani anayetengeneza adapta iliyokufa, asipokuwa nayo, huchukua kapasita yoyote inayofanana kwa umbo kutoka katika redio mbovu. Adapta hufanya kazi, mteja hulipa, hapana dalili ya kosa. Siku kapasita ile ikipasuka kwa ndani, volti 240 hupata daraja moja kwa moja mpaka kwenye waya unaoingia katika simu, na transfoma yote yenye tabaka tatu za utepe haina faida tena. Hali ni hiyo hiyo kwa vyombo vya ua wa stimu, kama ule unaoizunguka Hifadhi ya Ziwa Nakuru, au ya mashamba ya ng'ombe, vikiwa vyapata nguvu zake kutoka katika soketi ya nyumbani. Nyaya za ua zimelala nje kilometa nyingi zikingoja radi, na ukuta ulio baina yao na nyumba ya mlinzi ni koili ya chombo hicho pamoja na sehemu zilizo kando yake. Chombo kama hicho hakifai kufunguliwa na mtu asiyekijua.

Kazi ya fundi wa kusuka koili

Mafundi wa jua kali wamesuka transfoma za mashine za kulehemu kwa miaka mingi, na wengi wana mikono mizuri kuliko vitabu. Kwao ushauri wa kufaa kuliko wote ni wa umbo. Badala ya kusuka koili ya pili juu ya ya kwanza, zitengwe kando kwa kando, kila moja katika chumba chake, na ukuta mnene wa faiba baina yao. Hapo utepe hata ukilegea, waya hauwezi kuangukia waya. Kisha koili ikaushwe kwa joto kabla ya kutiwa vanishi, maana unyevu uliofungiwa ndani hautoki tena. Chuma cha kati kifungwe kwenye waya wa ardhi.

Baada ya hayo huja kipimo. Karakana nyingi zina mega ya volti 500, nayo ikionyesha mamilioni ya omu kati ya koili mbili, fundi hufurahi. Yafaa afurahi, lakini kwa kiasi. Mega ya volti 500 huonyesha kwamba hapana unyevu wala waya uliogusana. Haionyeshi kwamba kizuizi chaweza kuvumilia volti 3,000. Koili mbili zilizotengwa kwa nusu milimeta ya hewa kavu zitaipita mega bila shaka yoyote, kwa kuwa volti 500 haziwezi kuruka nusu milimeta. Jaribio la volti 3,000 lataka mashine yake na mtu aliyefundishwa, kwa sababu laweza kumwua anayelifanya.

Kwa mnunuzi wa Molo, Elburgon au Timboroa, jambo ni jepesi kidogo. Adapta nyingine za viwanda vyenye sifa hupimwa kwa matumizi mpaka meta 5,000, na habari hiyo huandikwa katika karatasi ya maelezo. Nyingine huandikwa ubavuni mwake. Ndani yake, njia ya ndege imerefushwa toka milimeta 3 mpaka karibu milimeta 4 na nusu.